Cheti cha Ubatizo na Kiatu cha Mpira



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya mpira wa miguu. Wako watakaotabasamu, na wako watakaouliza Padre ameingiliwa na nini hata aache mambo ya roho na kushika habari za kandanda. Tunawaomba wavumilie hadi mwisho, kwa maana jambo tutakalolisema linawahusu watoto wao, mifuko yao, na hata vitabu vinavyotunzwa katika ofisi ya parokia.

Kila Jumamosi alasiri vibanda umiza vya mji wetu hujaa vijana. Wengine hutembea kutoka vijijini, wakalipa kiingilio, wakaketi juu ya mabenchi membamba kutazama Ligi Kuu ya Uingereza. Dominika asubuhi tunawaona baadhi yao kanisani, jezi za Arsenal, Liverpool na Manchester United zikichungulia chini ya mashati yao. Hatuwalaumu. Mchezo mzuri ni jambo zuri, na kijana aliyechoka na jembe juma zima ana haki ya saa mbili za furaha. Lakini tumeona kwamba kile kinachotazamwa vibandani kimeanza kuwa kwa baadhi ya familia zetu kitu kizito zaidi ya burudani. Kimekuwa mpango wa maisha, na penye mpango wa maisha ndipo walaghai hupenda kuketi.

Kwanza tukumbushane kwamba mpira wa Uingereza na nyumba za ibada hawakukutana jana. Aston Villa ilianzishwa mwaka 1874 na vijana wa kanisa la Wamethodisti la Villa Cross, Birmingham, waliokuwa wakicheza kriketi na kutafuta jambo la kufanya wakati wa baridi. Everton ilizaliwa mwaka 1878 katika kanisa la Wamethodisti la St Domingo, Liverpool. Manchester City ilitokana na timu iliyoanzishwa mwaka 1880 katika kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Marko, kwenye mtaa wa West Gorton uliosumbuliwa na ulevi na ugomvi wa magenge. Southampton ilianzishwa mwaka 1885 na vijana wa kanisa la Mtakatifu Maria, na hata leo mashabiki wake huiita timu ya Watakatifu. Nasi Wakatoliki tunaye Bruda Walfrid, Mmarist wa Glasgow kule Uskoti, aliyeanzisha Celtic mwaka 1887 ili kupata fedha za kuwalisha watoto maskini wa wahamiaji kutoka Ireland. Kabla ya hao, Mtakatifu Yohane Bosco alikuwa amekwisha kuwakusanya wavulana wa mitaani wa Torino kwa michezo, kazi za mikono na katekisimu kwa pamoja.

Watu wale hawakuwaza kuuza wachezaji. Walikuwa na vijana mikononi mwao, na swali lao lilikuwa moja: vijana hawa watakuwa watu gani? Swali hilo halijazeeka. Mwaka 2018 Baraza la Kipapa linaloshughulikia Walei, Familia na Uhai lilitoa hati nzima kuhusu michezo na utu wa binadamu, na ndani yake wazazi, makocha na viongozi wanakumbushwa kwamba mtoto anayecheza ni mtu kamili, wala si malighafi ya kiwanda.

Sasa tumtazame mtoto wetu wenyewe. Mbwana Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwezi Desemba mwaka 1992. Aliichezea African Lyon, kisha Simba, na mwaka 2011 akavuka mpaka kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Huko alikaa karibu miaka mitano. Mwaka 2015 aliisaidia Mazembe kutwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, na Januari 2016 akatangazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wale wanaocheza ndani ya bara letu. Mwezi huohuo alikwenda Genk ya Ubelgiji, akakaa miaka minne, akatwaa nayo ubingwa wa nchi ile katika msimu wa 2018/2019. Ndipo Januari 2020 Aston Villa, ile timu ya vijana wa kanisa, ikamsajili. Tarehe 1 Februari 2020 aliifunga Bournemouth, akawa Mtanzania wa kwanza kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza. Mwezi mmoja baadaye alifunga tena Wembley, katika fainali ya Kombe la Ligi ambayo Manchester City ilishinda mabao 2 kwa 1.

Hebu tuhesabu. Alipovaa jezi ya Villa, Samatta alikuwa na miaka 27. Hakuchukuliwa mtoto. Hakuondoka Mbagala usiku mmoja na kuamkia Birmingham. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine, na kila ngazi aliikanyaga kwa miaka. Tena aliporuka juu, hakukaa sana: Septemba 2020 alikuwa amekwisha kwenda Fenerbahçe ya Uturuki. Kazi yake haikuishia hapo, kwa maana mwaka 2024 alikuwa miongoni mwa mabingwa wa Ugiriki akiwa na PAOK. Jirani yetu Victor Wanyama wa Kenya naye alipita Ubelgiji, kisha Celtic ya Uskoti, ndipo akafika Southampton mwaka 2013, akiwa Mkenya wa kwanza kucheza ligi ile. Tunayasema haya si kwa ajili ya kusifu tu, bali kwa sababu njia hizi mbili zinapingana kabisa na njia wanayouziwa wazazi wetu hapa Iramba.

Miezi kadhaa iliyopita alifika ofisini kwetu baba mmoja wa kigango cha mbali kidogo, mkulima wa alizeti, mtu mwenye heshima zake. Tulisalimiana, tukaulizana habari za mvua na za mashamba. Kisha akatoa katika mfuko wa koti karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya cheti cha ubatizo cha mwanawe.

“Baba Paroko,” akasema, “naomba unisaidie jambo dogo. Kijana ana miaka kumi na saba. Naomba hapa asomeke kumi na nne.”

Tulimwuliza sababu. Akaeleza kwamba mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa wakala wa wachezaji alimwona kijana akicheza katika mashindano ya ndondo, akampenda, akasema atampeleka Uingereza kwa majaribio. Lakini huko, alisema, huwataka wakiwa na miaka 14. Basi cheti cha ubatizo kirekebishwe kwanza, kisha kiambatanishwe katika maombi ya cheti cha kuzaliwa cha RITA, na mambo mengine wakala atayamaliza mwenyewe. Kwa maandalizi alihitaji shilingi milioni moja na nusu. Baba alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa ng'ombe wawili.

Tulimwambia kwamba kitabu cha ubatizo si mali yetu hata tukibadilishe. Kimeandikwa na mikono ya mapadre waliotutangulia, nasi tutakiacha kwa watakaotufuata. Cheti ni nakala tu ya kile kilichoandikwa siku ile mtoto alipoletwa kisimani. Akatusikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema neno ambalo hatujalisahau: “Padre, maskini ana nini kingine cha kuuza kama si umri?”

Hatukulijibu neno lile upesi, maana halikutoka katika hila. Lilitoka katika mapenzi ya mzazi aliyeona mvua zikikosa mara mbili na ada ya shule ikimngoja. Tukaomba kijana aitwe, kwa kuwa alikuwa nje chini ya mti, viatu vyake vya mpira vimefungwa pamoja kwa kamba na kuning'inia shingoni. Tukamwuliza yeye mwenyewe anaonaje. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: “Padre, mdogo wangu ana miaka kumi na tano. Nikiwa wa kumi na nne, yeye si atakuwa kaka yangu?”

Baba yake alicheka, nasi tukacheka. Lakini kijana alikuwa ameligusa jambo lenyewe. Uongo wa umri haukai peke yake juu ya karatasi. Humgusa mdogo mtu, humgusa mama aliyemzaa, humgusa mwalimu aliyemwandikisha darasa la kwanza, na kila mmoja wao hudaiwa auseme pia. Nyumba nzima huanza kuishi kwa tarehe isiyokuwapo.

Baba yule aliondoka akiwa na uchungu. Ng'ombe hawakuuzwa juma lile, lakini tulisikia baadaye kwamba alisema kijijini kuwa Padre ameufunga mlango wa mwanawe. Hata leo akitusalimu baada ya Misa, salamu yake ni fupi. Tunaupokea uchungu huo. Ila kwa kuwa tunajua kwamba hayuko peke yake, na kwamba wakala wa namna ile hapiti nyumba moja, tunaona ni wajibu wetu kuyaeleza hadharani mambo tuliyomweleza yeye faraghani.

La kwanza: sheria za FIFA, tangu mwaka 2001, zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine, isipokuwa katika hali chache, kama vile wazazi kuhama kwa sababu zisizohusu mpira. Na tangu Uingereza ilipoachana na taratibu za Umoja wa Ulaya, mwanzoni mwa mwaka 2021, klabu zake haziwezi kusajili hata kijana wa Ufaransa au Hispania aliye chini ya umri huo. Yaani yule anayesema atampeleka mtoto wa miaka 14 kutoka Kiomboi akasajiliwe Uingereza anaahidi jambo ambalo klabu kubwa kuliko zote haziruhusiwi kulifanya. Tazameni ajabu yake: kwa kumpunguzia kijana umri, wakala yule alikuwa anamsogeza mbali zaidi na Uingereza. Kijana wa miaka 17 amebakiza mwaka mmoja tu kufikia umri unaoruhusiwa. Akiitwa wa 14, atalazimika kungoja minne. Kelvin John, aliyekuwa mshambuliaji wa Serengeti Boys mwaka 2019, alijiunga na Genk mwaka 2021 alipotimiza miaka 18. Hiyo ndiyo njia halali, nayo iko wazi.

La pili: umri unapimwa. FIFA ilianza mwaka 2009 kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17. Mifupa ya mahali pale, ikiisha kuungana kabisa, husema ukweli ambao karatasi imeuficha. Sisi Watanzania tumeonja uchungu wa vijeba. Mwaka 2005 Serengeti Boys walikuwa wamefuzu kwenda fainali za Afrika nchini Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji mmoja. Kikosi kizima, pamoja na wale wenye tarehe za kweli, kilibaki nyumbani. Miaka kumi na miwili baadaye mambo yakageuka: Congo Brazzaville, waliokuwa wametutoa, waliondolewa kwa kuwa mchezaji wao mmoja hakuletwa kupimwa kama CAF ilivyoagiza, na vijana wetu wakaenda Gabon mwaka 2017. Huko walitoka sare na Mali, wakaishinda Angola, wakafungwa na Niger bao moja. Walirudi bila kombe, ila walikwenda kwa umri wao.

La tatu ni la fedha, na tunaomba viongozi wa vijiji walisome mara mbili. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hugawiwa klabu zote zilizomlea tangu mwaka wa kutimiza miaka 12 hadi wa kutimiza 23. Kwa kila mwaka kati ya 12 na 15 klabu husika hupata robo ya asilimia moja, na kwa kila mwaka kuanzia 16 hupata nusu ya asilimia. Tuseme kijana ameuzwa kwa shilingi bilioni moja: klabu ndogo iliyomlea tangu 12 hadi 15, ikiwa imesajiliwa rasmi na majina yake yamewekwa vizuri, ina haki ya shilingi milioni 10. Kwa kigango chetu hizo ni bati za darasa zima. Lakini hesabu hiyo inafuata tarehe ya kuzaliwa. Kijana akipunguzwa miaka mitatu, ile miaka aliyocheza kijijini akiwa na 12, 13 na 14 itahesabiwa kuwa ni ya 9, 10 na 11, na kijiji kilichomlea hakitapata hata senti kwa miaka hiyo. Hivyo uongo ule ungeiibia klabu ileile iliyompa mpira wa kwanza.

Na huyo anayejiita wakala aulizwe leseni yake. FIFA iliurudisha mwaka 2023 utaratibu wa mtihani na leseni kwa mawakala. Anayetaka ng'ombe wako wauzwe kabla hajakuonyesha leseni, wala barua ya klabu inayomwita kijana, anafanya biashara ya ng'ombe, si ya mpira.

Baada ya kusema hayo, haki inatudai tusipake rangi nzuri kila kilichoko Uingereza. Klabu za kule huwaandikisha watoto tangu wakiwa chini ya miaka 9, na tangu mwaka 2012 zina mpango mmoja wa taifa wa kukuza vipaji, wenye madaraja manne, unaodai makocha wenye sifa, viwanja, na masomo ya darasani. Mengi katika mpango huo ni ya kuigwa, hasa lile la kutomwachia mtoto aache shule. Hata hivyo, wanaoingia ni wengi na wanaofika juu ni wachache mno. Kila mwaka vijana wa miaka 16 na 18 huitwa ofisini na kuambiwa kwamba hawatahitajika tena. Mtoto aliyeitwa nyota tangu akiwa na miaka 9 anaanza upya siku ile, na kama hakufundishwa kuwa yeye ni mtu hata bila mpira, huanguka vibaya.

Liko pia giza zito zaidi. Novemba 2016 mchezaji wa zamani, Andy Woodward, alijitokeza hadharani kueleza jinsi alivyonajisiwa utotoni na kocha aliyeaminiwa na wazazi. Wengine wengi wakafuata. Kocha yule, Barry Bennell, alihukumiwa tena mwaka 2018 kifungo cha miaka mingi. Machi 2021 ilitolewa ripoti ya uchunguzi huru iliyoongozwa na wakili Clive Sheldon, ikihusu miaka ya 1970 hadi 2005, nayo ilieleza kwamba chama cha soka cha England kilichelewa mno kuweka ulinzi wa watoto. Sisi wa Kanisa hatuwezi kulitaja jambo hili huku tumenyoosha kidole, kwa maana jeraha hilohilo limo ndani ya nyumba yetu, na Papa Fransisko alipotoa mwaka 2019 sheria mpya za kuripoti uovu huo, alizitoa kwetu sisi wachungaji kwanza. Tunalitaja kwa sababu tumejifunza, kwa machozi ya wadogo, kwamba mtu mzima anayetaka kuwa peke yake na mtoto wako, mbali na macho yako, kwa ahadi ya kumfanya mkuu, hastahili kupewa mtoto huyo. Awe ni kocha, awe ni mwalimu, awe ni padre.

Tusogee kwenye mwenendo. Katika ndondo zetu tumeshuhudia mwamuzi akifukuzwa hadi kwenye shamba la mtama kwa sababu ya penalti. Vijana wakiulizwa, husema hata Ulaya wanagombana. Ni kweli. Tarehe 25 Januari 1995 Eric Cantona wa Manchester United, akitoka nje kwa kadi nyekundu katika uwanja wa Crystal Palace, alimrukia shabiki aliyemtukana na kumpiga teke. Lakini wanaokumbuka teke lile wasisahau yaliyofuata. Klabu yake yenyewe ilimfungia kabla ya chama cha soka kuongeza adhabu hadi mwisho wa Septemba. Mahakama ilimpa kifungo cha majuma mawili, na rufani ikakibadilisha kuwa saa 120 za kazi ya jamii, alizozitumia kuwafundisha watoto mpira. Alipotaka kuondoka Uingereza, kocha wake Alex Ferguson alimfuata Paris kumsihi arudi. Msimu uliofuata timu ilitwaa ligi na Kombe la FA, na bao pekee la fainali lilikuwa la Cantona.

Katika kisa kile tunaona mambo mawili ambayo nyumbani kwetu huwa tunayatenganisha. Wengine huadhibu na kumtupa mkosaji. Wengine humlinda mkosaji kwa kuwa ndiye mfungaji wetu. Ferguson hakumficha mchezaji wake asiadhibiwe, wala hakumwacha adhabu ilipokwisha kumwelemea. Baba na mama wanaomlea kijana mkaidi watalielewa hili bila kufafanuliwa. Nasi Tanzania tulikuwa na Marcio Maximo kutoka Brazil, aliyeifundisha Taifa Stars kati ya mwaka 2006 na 2010. Alilaumiwa na wengi kwa kuwaacha nje nyota waliopendwa, kwa sababu za nidhamu. Pamoja na lawama hizo, timu yake ilifuzu fainali za kwanza za CHAN mwaka 2009, wakati ambapo nchi ilikuwa haijaonekana katika fainali za Afrika tangu mwaka 1980.

Neno moja juu ya uongozi wa klabu, kwa sababu mkoa wetu una somo lake. Mwaka 2017 Singida United ilipanda Ligi Kuu na mji wote ukalipuka kwa furaha. Mwaka 2018 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar mabao 3 kwa 2. Mwaka 2020 ilishuka daraja. Mwaka 2022 ikaja Singida Big Stars, iliyokuwa ikiitwa DTB. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 Fountain Gate ikaenda zake na jina lake, na Ihefu iliyotoka Mbarali ikawa Singida Black Stars. Hatumlaumu mwenye fedha anayeleta timu nzuri. Tumefurahi nao katika uwanja wa Liti, ambao wengi wetu bado tunauita Namfua. Ila majina manne ndani ya miaka saba yanatufundisha kwamba timu inayoletwa yaweza pia kuondolewa. Inayobaki ni ile iliyoota mahali pake: ya shule, ya kata, ya kigango, yenye watoto ambao wazazi wao wanajulikana kwa majina. Alliance kule Mwanza ilianza na vijana wadogo, shule ikiwa karibu na uwanja. Hatuna fedha zake, lakini ardhi tunayo, walimu tunao, na watoto hawapungui.

Kwa hiyo, wapendwa, tumekubaliana na viongozi wa VIWAWA mambo machache. Mashindano ya vigango ya mwaka huu yatachezwa kwa umri wa kweli, na kila jina litalinganishwa na kitabu cha ubatizo au na daftari la shule, kwa kuwa wapo pia watoto wa madhehebu mengine na wa ndugu zetu Waislamu, nao wanakaribishwa. Timu itakayomgusa mwamuzi itatoka mashindanoni, hata ikiwa ni ya kigango cha makao makuu ya parokia, na wachezaji wake watapewa kazi ya kuwafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu kila Jumamosi hadi mashindano yaishe. Hakuna kocha atakayesafiri na watoto bila mzazi mmoja au wawili kuwamo safarini. Na katibu atafuatilia kwa chama cha soka cha wilaya usajili wa timu yetu, ili jina la kila mtoto liandikwe kwa tarehe yake halisi, mwaka kwa mwaka.

Mzazi akijiwa na mgeni mwenye ahadi, asione haya kuja ofisini. Atuletee barua tuisome pamoja; wapo kati ya walimu wetu wanaoweza kuiulizia klabu inayotajwa kwa barua pepe kabla mfugo haujatoka zizini. Kumwuliza mgeni maswali si kumkosea heshima. Aliye mkweli atajibu na kungoja. Asiye mkweli ataaga upesi na kusema una bahati mbaya.

Na wewe kijana unayesoma haya kwa simu ya kuazima, sikiliza: miaka yako uliyopewa ni yako, yote. Ile mitatu anayotaka kuikata wakala ndiyo uliyojifunza ndani yake kulima, kusoma, na kupiga mpira kwa mguu wa kushoto. Ukiikana, utakuwa umemkana yule kijana mwenyewe aliyefanya kazi hiyo yote. Nenda mazoezini na umri wako. Ukifika Uingereza, tutakushangilia kibandani pamoja na wenzako. Usipofika, kuna watoto hapa Kiomboi wanaongoja mtu wa kuwafundisha.

Tunawatakieni nyote Dominika njema. Mechi ya kwanza ya vigango itaanza saa tisa alasiri, baada ya mkutano wa jumuiya. Wazazi tunawaomba mje na maji ya kunywa ya kutosha, kwa timu zote mbili.